Mtoto anarudi nyuma badala ya kutambaa kwenda mbele

Mama wa Kifungua Mimba:

Habari zenu, wazazi wenzangu. Binti yangu ana miezi 8 na nusu. Amekuwa akikaa bila kushikiliwa tangu alipotimiza miezi 7, na anajigeuza pande zote mbili bila taabu. Kutambaa ndiko kunakomshinda. Nikimlaza kifudifudi hujiinua kwa mikono, huyumbayumba kidogo kama anayejipima nguvu, kisha, badala ya kukiendea kichezeo alichokikazia macho, hujisukuma nyuma polepole hadi miguu ikaingia chini ya kochi. Hapo ndipo kilio huanza, kwa kuwa kichezeo kimezidi kuwa mbali. Mama mkwe wangu anashauri tumnunulie kile kigari cha magurudumu ambacho mtoto huwekwa katikati akasukuma kwa vidole vya miguu, ili miguu ikaze. Je, binti yangu amechelewa? Nami nimsaidieje bila kumlazimisha?

Fizio wa Watoto (mtaalamu wa tiba ya viungo):

Mama mkwe apokee shikamoo yangu, lakini kigari hicho kiacheni dukani. Mtoto aliyening'inizwa humo hafanyi kazi yoyote ya kujibeba kwa mikono, tumbo na nyonga, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kutambaa. Tena hupata mwendo wa kasi kabla hajawa na akili ya kuogopa ngazi. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha ya namna hiyo.

Kuhusu umri, usiwe na hofu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia watoto wa nchi kadhaa, ulionyesha kwamba kutambaa kwa viganja na magoti huanza wakati wowote kati ya miezi 5 na miezi 13 na nusu hivi, na kwamba watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa namna hiyo kabisa. Kurudi nyuma nako ni jambo la kawaida: mikono imetangulia kupata nguvu, hivyo inaposukuma sakafu mwili huelekea kule ambako miguu haijaweza kuuzuia.

Kwa hiyo ipe miguu yake ukuta. Akiwa amelalia tumbo na goti moja limekunjika, weka kiganja chako nyuma ya unyayo wake na ukitulize hapo. Usimsukume, mwache asukume mwenyewe dhidi ya mkono wako. Mvue soksi na suruali ndefu, kwa sababu goti tupu hushika sakafu ilhali kitambaa huteleza. Akiwa amekaa, usimwekee kichezeo mbele tu, bali kiweke kando ya nyonga yake, mbali kidogo kuliko mkono unavyofika, ili alazimike kujipinda na kuegemea kiganja kimoja. Watoto wengi huingia katika mkao wa kutambaa kwa njia hiyo ya ubavuni, wala si kwa kuinuka kutoka kifudifudi. Dakika chache mara nyingi kwa siku, akiwa ameshiba kiasi na hana usingizi, zinatosha. Akichoka, mnyanyue. Usingizini alale chali kama kawaida. Kifudifudi ni kwa wakati ambapo yuko macho na wewe uko naye.

Baba Pacha:

Wangu mmoja alijiburuta kwa tumbo kama askari, na mwenzake hakutambaa hata siku moja: alisogea kwa makalio, mguu mmoja ukipiga kasia, hadi siku aliposimama. Leo huwezi kujua nani alikuwa nani. Ninachoongeza ni hiki: kabla hajaanza, wewe mwenyewe lala kifudifudi sakafuni. Mimi nilipofanya hivyo niliona sarafu, betri ndogo ya rimoti, na pembe ya kitambaa cha meza iliyoning'inia ikiwa na kikombe cha moto juu yake.

Muuguzi wa Kliniki:

Dada, hukusema kama alizaliwa kwa wakati wake. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri kuanzia tarehe aliyotarajiwa. Mpeleke kwa daktari bila kungoja iwapo anatumia upande mmoja tu wa mwili, iwapo amelegea au amekakamaa kupita kiasi, au iwapo ameacha jambo alilokwisha kuliweza.

Mama wa Kifungua Mimba:

Asanteni sana. Alizaliwa wiki 5 kabla ya wakati, nami sikuwa nimezipunguza. Kumbe kwa hesabu hiyo ndiyo kwanza amevuka miezi 7. Pande zote mbili anazitumia sawasawa. Tumejaribu habari ya unyayo kwa siku 9. Siku za mwanzo aliukanyaga mkono wangu kisha akageuka kunitazama, kana kwamba nimemkatiza shughuli. Jana alisukuma, goti la pili likafuata, akasogea mbele hatua mbili nzima kabla ya kuanguka kwa kidevu. Hakuwa akikifuata kichezeo nilichokuwa nikikitikisa. Alikuwa anaifuata ndara ya bibi yake, naye bibi, badala ya kuiondoa, aliivuta nyuma kidogo ili mjukuu aongeze hatua ya tatu.