Mabaki ya supanova (nyota zilizolipuka) ndiyo chanzo cha miale ya kosmiki (chembe za kasi kubwa, hasa protoni, zitokazo angani), au tunakaririshwa tu?

Chiromo_B: Kila mhadhara Nairobi unaanza kana kwamba kesi ilishafungwa. Hesabu ya nishati sina ubishi nayo: mlipuko mmoja ni ergi (kipimo cha nishati) 10⁵¹ hivi, galaksi yetu hupata milipuko 2 au 3 kwa karne, asilimia 10 ya nishati hiyo yatosha kulisha miale yote. Lakini mabaki ya Cassiopeia A, kijana wa miaka 350 hivi? Darubini za MAGIC zilionyesha 2017 gama zake (mwanga wa nishati kubwa kabisa) zinakatika karibu elektronivolti trilioni 3.5. Gama hubeba takriban sehemu ya kumi ya nishati ya protoni iliyoizaa. Goti la spektra, pale idadi ya miale ya kosmiki inapoanza kushuka kwa kasi zaidi, liko trilioni 3,000. Pengo linakaribia mara mia. Nani analijaza?

MzeeSpektra: "Tunakaririshwa"? Chunga mdomo. Setilaiti ya gama Fermi, 2013, mabaki ya IC 443 na W44. Protoni zikigonga gesi huzaa chembe ziitwazo pioni; isiyo na chaji ni elektronivolti milioni 135, ikivunjika inatoa fotoni 2 za milioni 67.5, ndiyo maana spektra inaporomoka chini ya milioni 200. Hiyo ni alama ya vidole vya protoni.

NyotaRongai: Alama ya vidole vya protoni zipi, Mzee? W44 ni kikongwe cha miaka 20,000 hivi kilichogonga wingu zito. Mshtuko ukikandamiza wingu, protoni za zamani zilizokuwa humo zinasukumwa upya na kutoa nundu ileile ya spektra. Halafu, karibu na milioni 100 Fermi inaona kwa ukungu wa digrii kadhaa. Gama za galaksi zinavuja ndani, na ukikosea modeli ya mandharinyuma kidogo tu, nundu inahama.

MzeeSpektra: Ukungu! Data ya miaka 4 unaiita ukungu.

Otis_K: Mbona mnaabudu Fermi na setilaiti ya gama ilirushwa hapa Malindi? Uhuru, 1970!

Chiromo_B: Uhuru ilikuwa ya eksrei, ndugu. 12 Desemba 1970, jukwaa la San Marco. Ya gama ni SAS-2, Novemba 1972, jukwaa hilohilo. Juni 1973 mfumo wake wa umeme ukaharibika, basi.

Otis_K: Sawa, lakini ni Malindi. Na kwa nini Malindi, kama si ufuo wa Waitaliano?

MzeeSpektra: Ikweta, kijana. Obiti isiyoinama inakwepa dosari ya Atlantiki Kusini, ambako protoni zilizonaswa hufurika kwenye vigunduzi. Fermi imeinama digrii 25.6, kwa hiyo inalazimika kusimamisha upimaji kila ikipita pale. Muda unaopotea ni zaidi ya asilimia 10.

NyotaRongai: Tumeacha fizikia tukahamia utalii wa pwani. Kituo cha gama cha LHAASO, Sichuan, China, mita 4,410: mwaka 2021 kilitaja vyanzo 12, na fotoni kali kuliko zote, trilioni 1,400, ilitoka upande wa Cygnus, penye nyota kubwa zilizosongamana. Protoni yake ilikuwa imevuka goti. Mzee hataki kuligusa hilo.

Otis_K: Sichuan, Namibia… Kwa nini darubini za gama za H.E.S.S., zilizoko Namibia, zisingejengwa Ngong?

MzeeSpektra: Kwa sababu mmuliko wa Cherenkov, ambao gama huuzua ikigonga angahewa, ni hafifu na unadumu nanosekunde chache. Kamera inahesabu fotoni moja moja. Taa za Nairobi zikipanda juu, inabidi uinue kizingiti, na gama za nishati ndogo zote zinapotea. Ongeza mawingu ya Aprili. Nyanda za Khomas ziko mita 1,800, kavu, giza tupu.

Otis_K: Sema tu hupendi Ngong.

MzeeSpektra: Zima Nairobi kwanza, kisha uniulize.