Picha kwenye ukuta wa jengo: mbona yangu ilitoka hafifu hivi?

FundiSpika (Tanga)
Wakuu salaam. Nakodisha spika na projekta za harusi na mikutano. Juzi nimepewa kazi ya sherehe ya usiku, mwenye shughuli anataka picha zirushwe kwenye jengo la ghorofa mbili, "kama kule Ulaya". Nikaweka projekta yangu ya lumeni 3,500 (lumeni ndiyo kipimo cha wingi wa mwanga) juu ya meza, mita kama 25 kutoka ukutani. Aibu niliyoipata! Picha ilififia kama chai ya maziwa iliyozidi maji, halafu uso wa mgeni rasmi ukaangukia dirishani, jicho moja likapotelea kwenye kioo. Nimelipwa nusu. Wenzetu wanafanyaje?

MvutaNyaya
Pole kaka, ila hilo jicho limenichekesha. Niko Lyon, Ufaransa, na kila Desemba napata kibarua cha kuvuta nyaya kwenye Fête des Lumières, siku nne za taa mji mzima. Mimi si mchoraji wala mhandisi, nakwambia niliyoyaona.

Tuanze na hesabu. Picha ukiikuza mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo, eneo linakuwa mara nne, na mwanga ni ule ule. Lumeni 3,500 ni za ukumbini. Za huku ni 20,000 kwenda juu, tena zinapangwa kadhaa kwenye mnara wa mabomba ya chuma. Kila moja ina kipande chake cha ukuta, na kingo zinapandiana kidogo huku zikififishwa ili mshono usionekane.

Halafu jengo linapimwa kwanza. Wanalipiga picha au kulipima kwa leza, mchoraji anachora juu ya vipimo hivyo, kwa hiyo kwenye onyesho nguzo ikionekana kupinda, mchoro umekaa juu ya nguzo yenyewe hasa. Usiku wa majaribio tunarusha mistari myeupe mitupu kufuata kingo za madirisha. Mstari ukiwa nje hata kwa upana wa kiganja, fundi anauvuta kwenye kompyuta mpaka ukae. Baada ya hapo usiguse kitu. Mimi niligonga mguu wa stendi kwa ngazi, nikajifunza matusi yote ya Kifaransa usiku mmoja.

Na giza je? Projekta haina nyeusi. Nyeusi ni pale isipomulika. Huku taa za barabarani zinazimwa sehemu za maonyesho. Kwako zilizimwa? Na ukuta una rangi gani?

FundiSpika (Tanga)
Kijani kibichi, iliyokolea. Na kuna taa ya ulinzi, mlinzi alikataa katakata kuizima.

MvutaNyaya
Basi usiilaumu projekta peke yake. Rangi iliyokolea inameza mwanga, kioo kinaupitisha ndani. Tafuta ukuta mweupe usiong'aa.

DadaForodhani
Kuta za chokaa sisi Unguja tunazo tele. Ila msije mkaanza kutoboa mawe ya wazee kufunga mitambo yenu.

MvutaNyaya
Dada, hakitobolewi kitu, mitambo inakaa mbele ya jengo, mbali na ukuta. Tena nenda kaone kanisa kuu la Amiens, huku huku Ufaransa. Miaka ya 1990 walipousafisha uso wake kwa leza, wakakuta mabaki ya rangi kwenye sanamu: zamani zile zilipakwa rangi, hazikuwa mawe matupu. Hawakuzipaka tena. Wanazirudishia rangi kwa mwanga usiku, nyekundu kwenye joho, buluu kwenye mkunjo, na asubuhi jiwe liko vile vile. Kwangu hiyo inazishinda zote, hata za Lyon ninazolipwa.

FundiSpika, kama mfuko wa mteja ni mdogo, Lyon yenyewe haikuanza na projekta. Tarehe 8 Desemba 1852 ilizinduliwa sanamu ya Bikira Maria kwenye kilima cha Fourvière, watu wakawasha mishumaa madirishani. Mpaka leo bibi jirani yangu anapanga vigilasi vyake dirishani, kila kimoja na mshumaa ndani.

FundiSpika (Tanga)
Vigilasi ninavyo, vile vya sharubati, dazeni nane. Jumamosi nina shughuli nyingine, ukuta ni wa chokaa. Projekta nitaisogeza karibu nirushe jina la bwana harusi tu, juu ya mlango, madirishani mishumaa. Mlinzi wa huko nimeshamwona, anasema atazima taa akipewa sahani ya pilau.

DadaForodhani
Mpe mbili.