Hivi kweli Fields kaondoka kwa raundi ya SITA? Bears mmetufanya wajinga kabisa

Wakuu heshima kwenu Machi hii ya 2024, na mlio kwenye mfungo Mungu awatakabalie. Yangu ya leo sijui kama imetimia maana nimetukana, tena kwa sauti, jikoni, muda mchache kabla ya adhana.

Nilikuwa nakoroga uji wa pilipili manga, mama watoto yuko na sambusa zake, simu ipo juu ya friji inatetemeka tu. Dogo ndio akaichukua. Ana miaka tisa, akasoma, akaja kunipa mkononi bila kusema neno kama mtu aliyetumwa habari ya msiba. Justin Fields, kwotabeki wetu wa Chicago Bears, anaenda Pittsburgh Steelers. Sawa, kuondoka tulijua ataondoka, tangu Januari watu wanasema. Nikateremsha chini kuangalia sisi tumepata nini. Piki ya raundi ya sita. Ya MWAKA KESHO. Uji ukashika chini nikiwa nimesimama pale pale na mwiko.

Kwa ambao hamfuatilii huu mpira wa yai nieleze upesi halafu niendelee kulalamika. Kwotabeki ndio yule anayepokea mpira nyuma ya ukuta wake na kuamua aurushe, amkabidhi mwenzie au akimbie nao mwenyewe, timu nzima inamzunguka yeye. Chukua nahodha na kiungo mchezeshaji uwakoroge wawe mtu mmoja. Na huku NFL timu haziuziani wachezaji kwa hela kama akina Simba na Yanga, wanabadilishana mchezaji kwa mchezaji au kwa piki, yaani zamu ya kuchagua vijana wapya kwenye drafti. Timu ziko 32, raundi saba. Ya kwanza ndio nyama yenyewe, ya pili ya tatu bado unashiba, ukifika ya sita unakwangua ukoko.

Basi Chicago tumetoa kwotabeki wa miaka 25 tumepewa ukoko. Eti akicheza asilimia 51 ya mashambulizi kule Pittsburgh ndio inapanda inakuwa raundi ya nne. Ataichezea wapi hiyo 51 wakati juzi tu wamemsajili Russell Wilson na wanasema yeye ndio wa kwanza?

Nataka nieleweke kabla hamjaanza kunirukia. SISEMI wasimchukue Caleb Williams, yule kwotabeki kijana wa chuo. Piki namba moja tunayo, tumeipata kihalali, mwaka jana Machi meneja mkuu Ryan Poles aliwapa Carolina namba moja yetu wakatupa DJ Moore na rundo la piki ikiwemo ya kwanza ya mwaka huu, Carolina wakaenda wakashinda mechi 2 kati ya 17, kwa hiyo ile ya kwanza yao ikageuka kuwa namba moja tena, iko mfukoni kwetu. Hapo Poles nampigia makofi, ile biashara ni ya kihindi kabisa. Na Caleb ana Heisman ya 2022, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na kwotabeki mpya kutoka drafti mshahara wake ni mdogo miaka minne, wakati Fields ilikuwa mpaka Mei waamue kama wanamuongezea mwaka wa tano kwa zaidi ya dola milioni 25. Hesabu naijua. Kubadilisha kwotabeki sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni BEI.

Tuangalie wenzake. Drafti ya 2021 raundi ya kwanza ilitoa makwotabeki watano. Trey Lance, yule wa San Francisco, ameanza mechi nne tu maisha yake yote kule, mwaka jana Agosti Dallas wakatoa raundi ya nne. Nne! Mac Jones wa New England, ambaye msimu ulioisha alikalishwa benchi na kila mtu kaona, wiki hii kaenda Jacksonville kwa raundi ya sita. Yaani Fields aliyeanza mechi 38, aliyekimbia yadi 1,143 msimu wa 2022 akabaki nyuma ya Lamar Jackson tu kwenye historia nzima ya makwotabeki, aliyewakimbiza Miami yadi 178 kwenye mechi moja ikawa rekodi ya msimu wa kawaida, huyo bei yake ni sawa na Mac Jones wa benchi na yuko chini ya Lance. Halafu mniambie soko ndio limeamua. Jets walivyomtoa kwotabeki wao Sam Darnold 2021, mtu ambaye alikuwa amewachosha kweli kweli, Carolina walitoa raundi ya pili na ya nne na ya sita juu yake!

Sasa hii ndio iliyonitoa tusi. Alhamisi, ALHAMISI HII HII, Poles katoa raundi ya nne kumchukua Keenan Allen kutoka Chargers. Mpokeaji mzuri sikatai, ila ana miaka 31 na mwezi ujao anatimiza 32. Yaani mzee ni raundi ya nne na kijana ni raundi ya sita. Na ndio inavyouma zaidi, miaka mitatu Fields analilia wapokeaji, 2022 alikuwa anarushia watu ambao nikiwataja hapa nusu yenu mtauliza ni nani, leo Allen anaingia mlango wa mbele yeye anatolewa wa nyuma.

Halafu mnunuzi ni nani? Steelers! Mmesahau Novemba 2022? Poles huyu huyu aliwapa Steelers raundi ya PILI, ikaja kuwa namba 32, kwa ajili ya mpokeaji Chase Claypool. Claypool akatudakia mipira 18 jumla. Kumi na nane, misimu miwili. Mwaka jana Oktoba tukamsukumia Miami tena tukaongezea na raundi ya saba juu ndio tukapewa raundi ya sita. Wao ile namba 32 wakamchukua Joey Porter Jr ambaye sasa ni beki wao wa uhakika. Na leo wamerudi wamebeba kwotabeki kwa ukoko. Pittsburgh wametugeuza shamba la bibi, wanaingia wanavuna wanaondoka hata kubisha hodi hawabishi.

Kuna watakaosema alikuwa mbovu ndio maana, kashinda 10 kapoteza 28. Ni kweli rekodi ni mbaya. Na kushikilia mpira anashikilia, kuna seki (kuangushwa na mpira mkononi) nyingine ni zake mwenyewe, nimeshawahi kupiga kelele kwenye tivi RUSHAAA mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini mlimpa nini? Kumpata 2021 walitoa piki nne, mbili za raundi ya kwanza, halafu kocha na meneja waliompigania wakafukuzwa baada ya msimu mmoja, akaachwa yatima kwa watu ambao hawakumchagua. Mechi yake ya kwanza kuanza, Cleveland, aliangushwa chini mara TISA. Yadi za pasi za timu nzima siku ile, ukitoa zile alizorudishwa nyuma, zilikuwa moja. Sio mia moja wakuu, yadi MOJA, hatua ya mtu mzima anayevuka mtaro. Jumla ya miaka mitatu kaangushwa mara 135 kwenye mechi 40. Ungekuwa ni wewe ungeshikilia mpira au ungeshikilia mbavu?

Na kocha mkuu kabaki. Hili sijui kwa nini halisemwi. Eberflus ni kocha wa ulinzi, ndio fani yake iliyomleta, na msimu ulioisha tuliongoza Denver 28 kwa 7 tukafungwa 31 kwa 28, tukaongoza Detroit kwa pointi 12 zimebaki dakika nne hivi tukafungwa 31 kwa 26. Ulinzi wa nani huo uliovuja? Getsy wa mashambulizi kafukuzwa, Fields kauzwa, yeye anasubiri kumpokea Caleb na tabasamu.

Halafu muda. Poles alisema atamtendea haki Fields. Mimi niliamini. Soko likafunguliwa Jumatatu, Atlanta ambako ndio nyumbani kwao Fields wakamchukua kwotabeki Kirk Cousins kwa mkataba wa dola milioni 180, Raiders wakamchukua Minshew, Vikings wakamchukua Darnold, kila kiti kikakaliwa mmoja mmoja sisi tumekaa na bidhaa yetu mkononi tunasubiri bei ipande. Ukienda gulio la nyanya saa kumi na mbili jioni unategemea nini? Mnunuzi anajua hutaki kurudi nazo nyumbani. Februari ilikuwa wapi? Kila mtu alishajua Caleb anakuja, dogo wa miaka tisa alijua!

Acha niwaambie kitu kimoja halafu niende nikafuturu vizuri. Mwaka jana tarehe 31 Desemba niliingia Soldier Field, uwanja wetu, na dogo, mara ya kwanza yake, mechi na Atlanta. Theluji inadondoka. Jezi yake, namba 1 ya Fields, nilimnunulia kubwa makusudi ili ivaliwe juu ya jaketi, ikawa inamfika magotini kama kanzu. Tulikaa juu kabisa ambako wachezaji unawajua kwa rangi tu. Tukashinda 37 kwa 17, na mwishoni uwanja mzima ukaanza kuimba tunamtaka Fields, tunamtaka Fields, watu wazima wamelowa, mzee mmoja nyuma yetu amelewa chakari anapiga kifua na ngumi. Dogo kasimama juu ya kiti sauti imemkauka. Viongozi wa timu nao walikuwa wanasikia, hawako viziwi. Kumbe wenzenu tulikuwa tunaimba wimbo wa kuaga.

Mimi nimekuja huku mwishoni mwa 2016. Kitu cha kwanza hii timu kunionyesha ni 2017 walivyopanda kutoka namba tatu kwenda mbili, wakalipia, kumchukua kwotabeki Trubisky, Patrick Mahomes akiwa yupo pale pale anasubiri mpaka namba kumi. Mahomes sasa ana vikombe vitatu. Bears ndio timu pekee kati ya 32 ambayo haijawahi kuwa na kwotabeki aliyefikisha yadi 4,000 za pasi kwa msimu, rekodi yetu mpaka Machi hii ya 2024 ni 3,838 ya Erik Kramer, 1995! Mwaka huo mimi nilikuwa nacheza chandimu Tanga. Tatizo la makwotabeki wa Chicago lingekuwa ni makwotabeki lingeshaisha.

UPDATE Jumapili: Nimesoma comments zote. Mkuu uliyesema nihamie Packers, mahasimu wetu, wewe Mungu anakuona. Ila kwa uchungu nikubali jambo. Usiku kazini kwetu kuna jamaa wa Bukavu, shabiki wa Packers wa kulia machozi, Fields hajawahi kuwafunga hata mara moja, mechi sita zote kapigwa, kwa hiyo jana usiku aliniandama ghala zima. Anakwambia, "Kaka, sisi kwotabeki wetu mzee Rodgers akiwa na miaka 39 tulimupeleka New York, tukapata raundi ya pili mbili, na mtoto wetu Love alishakuwa tayari. Ninyi munatoaka mutu bure." Nilikosa jibu nikaenda kujifanya nahesabu maboksi.

Na wewe uliyeuliza kwani Bears walikuwa na njia gani nyingine kama hakuna aliyetaka kutoa zaidi. Basi kaa naye! Caleb aje, Fields awepo, mmoja aumie Oktoba kama wanavyoumia kila mwaka, sisi hapa mwaka jana Fields kateguka kidole gumba tukamalizia mechi ile na kijana ambaye hata hakuchaguliwa kwenye drafti. Hapo hapo Oktoba utaona timu zenye shida zinavyopiga simu. Ukoko wa raundi ya sita ungekuwepo tu, hauozi.

Leo mchana nimepita pale duka nililonunulia ile jezi. Za namba 1 zote wameshazihamishia nyuma kwenye mapunguzo, karibu na soksi. Dogo akazitazama, akaniuliza Steelers wanavaa rangi gani. Nikamwambia nyeusi na njano. Akasema basi tununue hiyo. Wakuu, mimi ni Simba wa kuzaliwa, baba yangu Simba, babu yangu Simba tangu ikiitwa Sunderland. Njano haijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yetu. Nimemwambia tutaongea baada ya Idi.