Kompyuta ya kwanta: friji yake inajazwa gesi gani?

FundiBaridi_Mwanga (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi majokofu, wateja wangu wengi ni wauza samaki wa Kibirizi na majumba ya huku Mwanga. Mpwa wangu yuko chuo, amekuja likizo na video ya D-Wave, kampuni iliyoanzia Canada inayounda kompyuta za kwanta. Yeye ananiimbia kyubiti (vile vipande vya msingi vinavyofanya hesabu ndani ya kompyuta hizo), mimi macho yangu yako kwenye yale madude ya rangi ya dhahabu yanayoning'inia ngazi kwa ngazi, na vibomba vyembamba vimejikunja kati yake. Nikamwambia, mjomba, hiyo ni friji. Akacheka sana, halafu akakubali: baridi ya mle ndani inakaribia nyuzi 273 chini ya sifuri.

Hapo ndipo nilipokwama. Gesi ya friji ya 134 inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ile ya 600 ndiyo kabisa, 12 tu. Sasa hawa wanajaza nini? Kompresa iko wapi? Na kapilari, kile kibomba chembamba cha gesi, haizibi vipi, wakati kwenye baridi hiyo hata hewa inaganda? Naomba anayejua anieleze kifundi. Ule mfano wa wanafizikia wa kwanta, wa paka aliye hai na amekufa kwa wakati mmoja, nimeshausikia, unatosha.

Mwl_Isevya (Tabora)
Fundi, macho yako hayakukudanganya, sehemu kubwa ya unachokiona pale ni friji. Kompyuta yenyewe ni chipu ndogo iliyofungwa huko chini kabisa.

Gesi ni heliamu, tena ya aina mbili. Kompresa ipo, inakaa pembeni, na inasukuma heliamu-4 kwa mapigo mpaka ngazi za juu zifike kama Kelvini 4, yaani nyuzi 269 chini ya sifuri (Kelvini huanza kuhesabiwa kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri). Kuanzia hapo kompresa haina msaada tena. Chini kuna chungu chenye mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4. Ukipoa kupita Kelvini 0.87 unajitenga: juu inakaa heliamu-3 karibu tupu, chini heliamu-4 yenye heliamu-3 kidogo. Pampu inanyonya heliamu-3 ya tabaka la chini, ya juu inashuka kuziba pengo, na kila inapovuka mpaka inabeba joto, kama gesi yako inavyobeba joto la samaki ikifika kwenye evapureta. Inazunguka hivyo mchana na usiku mpaka kwenye Kelvini 0.015 au karibu na hapo.

Kuhusu kapilari, huziba! Ndiyo maana heliamu inapitishwa kwanza kwenye mtego uliozamishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, uchafu unagandia humo. Na hiyo dhahabu ni ngozi tu juu ya shaba, shaba isishike kutu na viungo vipitishe joto vizuri.

FundiBaridi_Mwanga
Kumbe draya, kile kichujio cha kwenye friji zetu! Hata huko hawamkwepi. Asante sana Mwalimu.

Mchuuzi_Ujiji
Heliamu si ndiyo ile iliyotangazwa Rukwa 2016? Jamani, hapo ni chini yetu tu. Tutauza mpaka tuchoke.

Mwl_Isevya
Punguza mbio, ndugu yangu. Gesi inayotoka ardhini karibu yote ni heliamu-4. Soko lipo, hata kwa hatua ya kwanza ya friji hizi. Lakini heliamu-3 hupatikana zaidi tritiamu (aina ya hidrojeni yenye mionzi) inapooza, na tritiamu nyingi ilitengenezwa kwa ajili ya mabomu ya nyuklia. Nusu yake huchukua miaka 12 kugeuka. Ndiyo maana bei yake haishikiki.

BintiTehama_Kasulu
Niongeze kidogo, maana mmebaki kwenye friji tu. Baridi hiyo ni kwa sababu kyubiti za D-Wave ni vitanzi vya niobiamu, na joto dogo tu linazivuruga. Kampuni ni ya tangu 1999, mashine ya kwanza waliiuzia Lockheed Martin, kampuni ya silaha ya Marekani, 2011 ikiwa na kyubiti 128, na mashine yao ya Advantage ya 2020 ina zaidi ya 5,000. Msizilinganishe na 1,121 za chipu ya Condor ya IBM ya 2023: mashine hizo za D-Wave zinatafuta mpangilio bora kati ya mipangilio mingi, basi. Mahesabu ya kila aina haziyawezi. Halafu kompyuta za kampuni ya IonQ ya Maryland, Marekani, hazihitaji baridi hii. Wao walianza kwa kuelekeza leza kwenye atomu za iterbiamu zinazoelea ndani ya vakyumu.

FundiBaridi_Mwanga
Dada, hao wa leza sina ugomvi nao, ila mimi sina kazi kwao. Mwalimu, umeme ukikatika je? Friza iliyojaa migebuka ukiiacha imefungwa inavumilia mpaka kesho yake.

Mwl_Isevya
Hii haivumilii. Chipu inapata joto haraka, heliamu yote inarudishwa kwenye matangi, na kupoza upya kunaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Kwa hiyo hakuna anayeisimika bila umeme wa akiba. Na kampuni nyingi za kompyuta haziundi friji zenyewe, zinanunua. IBM kwa mfano wamefanya kazi na Bluefors wa Ufini, na hao biashara yao ni baridi hiyo tu.

FundiBaridi_Mwanga
Bluefors. Nimeandika. Mpwa wangu nimemtuma atafute kama wanafundisha mafundi kutoka nje, na kama wanataka cheti cha VETA au digrii.