Naomba ushauri: Robin Hood ya Kevin Costner (1991) niwaonyeshe wanafunzi?

Zamu_ya_Asubuhi: Wakuu, nimebanwa, ni Ijumaa hii. Filamu hii ya Robin, mwizi wa msituni anayewaibia matajiri na kuwagawia maskini, niliiponda miaka mingi: Costner ana lafudhi ya Kimarekani mwanzo mwisho, hadi akapewa tuzo ya mwigizaji mbovu. Juzi nimeirudia, sikubanduka. Alan Rickman kama Sherifu wa Nottingham ni moto. Na Azeem wa Morgan Freeman, Mwislamu mwenye darubini, anayempasua mama aliyeshindwa kujifungua na kumtoa mtoto mzima, ndiye mwenye akili kuliko wote mle msituni. Niwawekee vijana wangu?

Mama_Karafuu: Waonyeshe. Mimi niliiona kibanda umiza, mkalimani anapiga kelele kuliko farasi. Mume nilimpatia kwenye benchi hilohilo.

Chuma_cha_Reli: Vijana wa umri gani, mwalimu?

Zamu_ya_Asubuhi: Wanajitambua.

Chuma_cha_Reli: Nimeuliza umri.

Zamu_ya_Asubuhi: Darasa la sita. Lakini tangazo nimeshabandika na jenereta nimeshalipia. Pale Sherifu anapomlazimisha Marian, mpenzi wa Robin, nitaparuka.

Babu_Mizani: Mwizi ni mwizi hata akigawa. Mnawafundisha nini watoto?

Chuma_cha_Reli: Baba alikuwa akisimama mbele ya runinga kutuziba. Tukabaki na sauti tu, tukawaza mabaya kuliko yaliyokuwepo.

Kidole_Juu: Hii chai. Kajiunga jana, leo ana jenereta. Kama umeirudia kweli, ule mti anaoparamia mtoto akikimbizwa na askari uko wapi?

Zamu_ya_Asubuhi: Ulikuwa kwenye Ukuta wa Hadrian, ule ukuta wa kale wa Warumi, kaskazini mwa Uingereza. Ulikatwa usiku, Septemba 2023. Kwenye filamu Robin na Azeem wanatua pwani ya kusini, Robin anaahidi watafika kwa baba yake, karibu na Nottingham, kabla ya giza, mara wako ukutani, Nottingham wameshaiacha mbali nyuma. Kosa hilo ndilo somo langu. Ramani nimeichora kwa chaki, nyekundu njia ya kweli, nyeupe njia ya filamu, watoto wapime wenyewe kwa uzi.

Kidole_Juu: Mti umepata. Samahani, mwalimu.

Chuma_cha_Reli: Ramani nzuri, ila shida iko palepale. Pambano la mwisho limo chumbani humohumo na Marian. Utaruka vipi?

Zamu_ya_Asubuhi: Ndiyo inayoninyima usingizi.

Mama_Karafuu: Zima hapo, uwasimulie mwenyewe kwa mdomo.

Zamu_ya_Asubuhi: Na mfalme Richard anavyotokea harusini, Sean Connery yule?

Mama_Karafuu: Harusini washa tena.