Cheti cha leveli (mashine ya kupimia kimo saiti) kimepitisha mwaka, injinia amekataa kazi. Ni sheria ama ni roho mbaya?

sevea_wa_ruaka:
Wasee wa mjengo, habari zenu. Niko saiti moja huku Ruaka, flati ya ghorofa nane, jana injinia wa konsaltanti amekuja akaitisha vyeti vya kalibresheni (vya kuonyesha mashine imekaguliwa inasoma sawa) vya mashine zote, totali stesheni, ile ya kupima umbali na pembe, iko sawa lakini cheti cha leveli kina miezi 14, akasema hakuna slabu itapimwa nayo. Bosi ananiambia nitoe fotokopi ya cheti cha leveli ingine yenye iko ofisi, modeli ni ile ile. Sasa hii maneno ya mwaka mmoja imeandikwa wapi? Na leveli si inasoma poa tu, mimi ndio naishika kila siku.

kokoto_na_mchanga:
Huyo anataka chai tu.

mzee_wa_bikoni:
@kokoto wacha hizo. Kijana, hiyo fotokopi usiguse. Nambari ya mashine iko kwa cheti na iko kwa mwili wa leveli, injinia atainama asome zote mbili na hapo utaitwa wewe, sio bosi. Mwaka mmoja angalia kwa spesifikesheni za kandarasi yenu, mara nyingi iko hapo, na hata kama haiko ni mazoea ya kazi. Lakini mashine haijui kalenda. Kuna saiti nilikuwa, wilibaro ikagonga tripodi leveli ikalala chini, wakaipanguza vumbi wakaendelea ati "kwani imevunjika?", cheti kilikuwa cha mwezi uliopita, na slabu ikatoka imeinama hadi maji ya choo yalikuwa yanaenda kwa mlango badala ya dreini. Ikianguka, cheti kimekufa.

Peleka KEBS, wale wa viwango, pale Popo Road, ama maabara yoyote yenye KENAS, wale wa kuidhinisha maabara, wameipea ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha maabara za kalibresheni. Na uitishe cheti chenye kinaonyesha kosa lilikuwa ngapi kabla ya kurekebishwa, sio muhuri tu.

pegi_mbili:
Kabla hujapeleka ijaribu mwenyewe, ni nusu saa. Piga pegi A na B, mita 60 katikati yake. Simamisha leveli katikati kabisa, soma stafu (rula ndefu za kusimamishwa) zote mbili. Tuseme A ni mita 1.482 na B ni 1.217, tofauti ni 0.265, na hiyo ni ya kweli hata kama leveli ni mbovu kwa sababu kosa la pande zote mbili linalingana linajifuta. Sasa hamisha leveli karibu na A, mita mbili tatu hivi, usome tena. A ikiwa 1.530, B inafaa kuwa 1.265. Ukipata 1.271 basi una milimita 6 ndani ya mita 60 na injinia alikuwa sawa. Andika kwa kitabu na tarehe, fanya kila wiki, hiyo rekodi injinia huipenda kuliko cheti.

mzee_wa_bikoni:
Na hiyo totali stesheni "iko sawa", ppm (marekebisho ya hewa, milimita kwa kila kilomita) umeweka ngapi? Nairobi tuko juu, hewa ni nyepesi, presha ya hewa ni kama 830 hPa na mashine ikitoka dukani imewekewa 1013. Ukiacha ppm zero unapoteza zaidi ya milimita 5 kila mita 100, umbali unatoka mfupi. Cheti hakitakuambia hiyo. Angalia pia konstanti ya prizma (nambari ya kurekebisha umbali, kila aina ya kile kioo cha kurudisha miale ina yake), haswa kama mmeazima prizma ya kampuni ingine.

sevea_wa_ruaka:
Nimerudi. Pegi zimetoa milimita 7, nimerudia mara tatu. Leveli inaenda Popo Road Jumatatu, bosi amenuna lakini ametoa pesa. Ppm ilikuwa zero. Tangu msingi. Sasa nashangaa hiyo nitamwambia injinia vipi.

kokoto_na_mchanga:
Hapo sasa ndio chai itahitajika.