Je, simu itamsaidia mdogo wangu kuzoea maisha ya chuo China?

KakaWaTabata
Wanajukwaa, habari za leo. Mdogo wangu wa kike amepata ufadhili wa serikali ya China kusomea uhandisi wa ujenzi mjini Wuhan, na ataondoka mwishoni mwa Agosti. Mwaka wa kwanza atasoma lugha peke yake. Hajawahi kutoka nje ya nchi, na safari yake ndefu kuliko zote ni ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba. Vijana wananiambia kwamba siku hizi simu inamaliza kila kitu ugenini: tafsiri, ramani, malipo, hata marafiki. Ninachotaka kujua kwa waliokwishaishi huko ni kama simu inaweza kweli kumsaidia mtu kuwazoea watu na desturi zao, au inamsaidia kununua chakula tu. Na aandae nini kabla hajapanda ndege?

MhitimuWuhan
Shikamoo kaka, na hongera kwa familia. Nianze na lililonikuta usiku wa kwanza, maana wengi hawaambiwi: kwa intaneti ya kawaida ya China, WhatsApp, Google na Gmail hazifunguki. Barua ya chuo nilikuwa nimeihifadhi ndani ya Gmail, na anwani ya bweni ilikuwa kwenye ramani ya Google. Nikamwonyesha dereva wa teksi jina la chuo kwa Kiingereza, akalitazama kwa heshima zote, kisha akanirudishia simu. Kwa hiyo mdogo wako awe na anwani ya bweni iliyoandikwa kwa Kichina, kama picha ndani ya simu na pia kwenye karatasi.

WeChat, programu ya ujumbe na malipo wanayoitumia Wachina, aiweke akiwa bado nyumbani, na mama naye awekewe, kwa sababu ndiyo njia watakayozungumzia. Msifanye haraka haraka siku ya safari, kwani akaunti mpya mara nyingi hudai ithibitishwe na mtu mwingine anayeitumia tayari. Kuhusu malipo, fikiria Lipa Namba iliyoenea hadi kwa muuza viazi vya kuchoma barabarani. Tangu 2023 kadi za Visa na Mastercard za nje zinaweza kuunganishwa na WeChat na Alipay, programu nyingine ya malipo ya huko. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato, na yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Athibitishe na benki yake kwamba kadi inaruhusu manunuzi ya mtandaoni. Kamusi ya Pleco inafanya kazi bila bando, nayo ndiyo iliyonivusha mwaka ule wa lugha.

DadaWaMaabara
Aliyotangulia kuyasema mwenzangu ni sahihi, lakini yote yanajibu sehemu ya pili ya swali. Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu, na jibu langu ni kwamba desturi zenyewe zimo ndani ya simu, katika namna wenyeji wanavyoitumia wao kwa wao. Kila darasa lina kundi lake la WeChat. Mwalimu akituma tangazo, wanafunzi hujibu mmoja baada ya mwingine neno moja, *shoudao*, yaani nimepokea. Mimi nilidhani ni kelele, nikawa nasoma na kunyamaza kama tunavyofanya katika makundi yetu ya harusi, hadi mwalimu aliponiuliza mbele ya wenzangu kama nina shida na masomo yake.

Kisa cha pili kinanichekesha hadi leo. Kiongozi wa darasa letu, binti mpole sana, aliniandikia kunikumbusha fomu ya bima. Nikamjibu kwa ile emoji ya manjano ya uso unaotabasamu. Kwa siku mbili akanikwepa. Mwenzangu wa maabara ndiye aliyeichukua simu yangu, akaikuza ile sura na kunionyesha kwamba midomo inatabasamu lakini macho yanatazama chini. Kwa vijana wa kule hiyo ni dhihaka, au ni kumwambia mtu kwamba umemchoka. Hakuna programu ya tafsiri ambayo ingenieleza hilo. Kwa hiyo mdogo wako asijifungie katika makundi ya Watanzania peke yake, ingawa yanafaa sana siku ya ugonjwa. Aombe kuingizwa katika kundi la darasa, la bweni na la mchezo wowote anaoupenda, na mwanzoni atazame wenzake wanavyoandika kabla ya kuandika.

MzeeWaHarbin
Mimi nitapingana nanyi kidogo. Mwaka wangu wa kwanza Harbin, mji wa baridi kali kaskazini mwa China, nilikuwa nakesha na simu, kwani mechi inayoanza saa moja usiku Dar es Salaam, kule inaanza saa sita. Matokeo ya Simba na Yanga niliyajua kama mtu aliyeketi Kariakoo, lakini sikumjua kwa jina mama aliyeniuzia maandazi ya mvuke kila asubuhi mlangoni mwa chuo. Siku moja ya Januari baridi ilizima simu yangu ghafla nikiwa mbele yake, chaji ikiwa zaidi ya nusu, nami sina hata noti moja. Nikabaki na maneno kama thelathini ya Kichina na mikono miwili. Alinipa maandazi, akanifungia na yai juu yake, akasema nitalipa kesho. Kuanzia siku hiyo nilisimama pale dakika kumi kila asubuhi, simu ikiwa mfukoni, naye akawa ananisahihisha matamshi bila huruma.

KakaWaTabata
Nawashukuru sana. Mama ameshaanza kujifunza kutuma ujumbe wa sauti kwa WeChat, na ile emoji tumeipiga marufuku nyumbani. Je, kuna jambo la kisheria la kufanya mara tu akifika?

MhitimuWuhan
Ndiyo, kaka. Asiyelala hotelini anatakiwa kusajili makazi yake polisi ndani ya saa 24, na mwenye viza ya X1, yaani ya masomo ya muda mrefu, aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni humwongoza, ila asisubiri waanze kumtafuta. Akishapata laini ya simu ya kule, ambayo husajiliwa kwa pasipoti, namba hiyo ndiyo aiandike kwenye fomu zote.